Pale Picha Ilipoganda

Kicheko cha wakili ndicho kilichomkera Inspekta Nukta kuliko yote aliyoyaona asubuhi ile.

Kwenye televisheni ya chumba cha Tume ya kuchunguza ajali ya kiwandani picha ilikuwa imeganda. Ulionekana mgongo wa mtu mnene aliyevaa koti la bluu la kiwandani, shingo imeanza kugeuka, sikio moja limejitokeza; kisha mwili wote ukavunjika miraba midogo midogo ya kijani na kijivu, na sauti ikakatika kama iliyozibwa kwa kiganja. Karani wa Tume aliipiga deki kofi la ubavuni. Akaitoa diski, akaipuliza, akaifuta kwa ncha ya tai yake, akairudisha. Picha ikaanza upya, ikaenda vizuri, na ilipomfikia yule mtu mnene ikaganda palepale.

Ndipo wakili wa kiwanda alipocheka. Hakucheka kwa sauti. Alicheka puani, kama mtu mzima aliyeonyeshwa mchoro wa mtoto. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti lake, na kuwaeleza wajumbe kwamba hata hicho kidogo walichokiona kilikuwa na kasoro ya pili: sauti haikwenda na midomo. Marehemu alionekana amefunga kinywa huku maneno yakiendelea kumtoka. Kwa maoni yake, kilicholetwa mbele ya Tume hakikuwa ushahidi. Kilikuwa viraka vilivyoshonwa na binti aliyempenda baba yake kuliko alivyoipenda kweli.

Watu wawili watatu wa upande wa kiwanda nao wakacheka. Binti mwenyewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa benchi la nyuma pamoja na mama yake. Mama hakugeuza macho kutoka kwenye televisheni. Binti aliinama akaanza kuvuta uzi uliochomoza kwenye ukingo wa mtandio wake, akauvuta, akauvuta, hadi mama akamshika mkono.

Marehemu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha unga. Lifti ya kupandishia magunia ilikatika waya ikaanguka naye, na kabla hata matanga hayajaisha kiwanda kilikuwa kimeshatoa kauli: fundi hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba waya umechakaa, kwa hiyo amekufa kwa uzembe wake mwenyewe. Familia ilisema huo ni uongo. Jioni ya kuamkia ajali, baba alirudi nyumbani na picha ya video aliyojichukua kwa simu, ikimwonyesha akimweleza msimamizi wake habari za ule waya, na msimamizi akijibu. Aliihamishia kwenye kompyuta ya binti yake ili wote waione. Simu yenyewe ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake lifti ilipoanguka. Haikubaki kitu cha maana. Na Tume ilipoletewa habari ya picha hiyo, ilijibu kwamba kanuni zake zinatambua diski inayochezeka kwenye deki, basi. Binti akaenda akachoma diski. Sasa diski ilikuwa imeganda, na watu walikuwa wanacheka.

Inspekta Nukta aliomba nafasi. Yeye ndiye polisi aliyepewa jalada la kifo hicho, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, na jina hilo la utani alibandikwa na wenzake kwa tabia yake ya kurudisha maelezo ya shahidi mezani kwa sababu sentensi haikuwekewa nukta. Alisema kwamba kitu kikiharibika kuna kilichokiharibu, na kwamba angependa kukijua kabla watu hawajamaliza kukicheka. Mwenyekiti alitazama saa ya ukutani. Akampa hadi kikao cha asubuhi iliyofuata. Baada ya hapo, alisema, diski ile ingetupwa nje ya ushahidi.

Nukta aliichukua diski na bahasha yake, akatia sahihi, akatoka. Damu ilikuwa inamchemka, na alijua damu inayochemka haimfai mpelelezi. Alisimama kidogo kwenye ngazi hadi ikapoa, kisha akaanza na swali jepesi kuliko yote: mgonjwa hapa ni diski, au ni deki?

Kituo cha kwanza kilikuwa kwa kinyozi wa mtaa wa nyuma, ambaye alikuwa na deki juu ya kabati ya taulo. Wateja walionyolewa nusu walinyamaza kumtazama marehemu akionyesha waya uliofumuka. Alipotokea mtu mnene, picha ikaganda. Kituo cha pili kilikuwa duka la vyombo vya umeme, kwenye deki mpya iliyotolewa ndani ya boksi mbele ya macho yake. Picha ikaganda, mahali palepale, sikio lilelile. Basi deki zote zilikuwa na afya, na ile ya Tume ilipigwa kofi bure.

Aliigeuza diski kwenye mwanga wa mlangoni. Haikuwa na mkwaruzo, wala alama ya kidole. Akaipeleka ofisini akaitia kwenye kompyuta, si kuicheza bali kuinakili, maana hapo ndipo diski husema siri yake. Diski iliyochomwa vibaya, kwa haraka mno au kwenye kitu cha bei ya kutupwa, kompyuta huisoma kwa taabu: hunguruma, hukwama, hurudia, na mwisho hukata tamaa. Hii ilisomeka yote bila kigugumizi, laini kama uji. Hapakuwa na hata chembe iliyoshindikana.

Nukta aliegemea kiti. Jibu hilo halikumfurahisha. Kama diski ni nzima na bado picha inaganda, basi kuganda kumo ndani ya picha yenyewe. Iliwekwa kwenye diski ikiwa tayari imeganda. Na aliyeitengeneza picha, kwa kadiri alivyojua hadi dakika hiyo, alikuwa mmoja tu.

Alikwenda kwa binti na moyo mzito. Wakili aliyecheka anaweza kuwa na haki vilevile. Kicheko kibaya si ushahidi wa uongo.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, imefagiwa vizuri. Mama alimkaribisha, akamwekea kiti kizuri, akaenda jikoni. Binti alikaa mkabala naye mikono ikiwa kwenye mapaja, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nukta alimtaka aeleze alivyoitengeneza diski, tangu mwanzo, bila kuruka.

Ikawa hadithi ya mateso. Hakuwahi kuchoma diski ya picha maishani mwake, alijifunza kwa kusoma na kujaribu. Diski ya kwanza aliiandaa kwa ubora wa juu kabisa, kwa kuwa alitaka uso wa msimamizi uonekane bila shaka. Kwenye deki yao ikawa inakwamakwama kila kitu kinaposogea, inaruka, inapasuka. Akaona ameharibu. Ya pili akaupunguza ubora, lakini akaichoma kwa kasi kubwa maana umeme ulikuwa unakatikakatika na alihofia ungemkatia katikati. Hiyo ikawa inaganda ovyo, mara hapa mara pale. Ya tatu aliichoma polepole, kwenye diski nyingine ya pakiti ileile, na hiyo ikacheza mwanzo hadi mwisho. Akaijaribu kwao, akaijaribu kwa jirani. Ndiyo aliyoipeleka kwa Tume.

"Mwanzo hadi mwisho?" Nukta aliuliza. "Mpaka uso wa msimamizi?"

"Mpaka uso wa msimamizi, afande. Jirani yetu akasema, kumbe ndiye huyu."

"Na picha ya asili, ile iliyotoka kwenye simu?"

Binti aliinamisha kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba aliifuta. Kompyuta ilijaa, programu ikagoma kuandaa ile ya pili mpaka apate nafasi, na yeye akaona kwa kuwa picha imeshaingia kwenye diski ya kwanza, na ataitoa humo, ya asili haina kazi tena.

Mpelelezi akiambiwa kwamba kitu cha asili kimefutwa, huwa anasikia mlango ukifungwa kwa ufunguo. Lakini aliyeufunga kwa hila huwa na maneno mengi ya kujieleza, na huyu hakuwa na hata moja. Macho yake yalikuwa yamejaa, akayapangusa kwa kiganja, akasema, "Nimemharibia baba."

"Zile mbili za kwanza ziko wapi, mwanangu?"

Binti alishangaa kuulizwa. Zilikuwa zimeharibika, alisema. Mama hapendi kutupa kitu. Akaonyesha kwa kidevu. Moja ilikuwa mezani, chini ya chupa ya chai, ikizuia maji yasiharibu mbao. Nyingine ilikuwa juu ya televisheni, chini ya chombo cha maua ya plastiki, imelazwa juu ya kitambaa cha kufuma.

Nukta aliinua chupa. Diski ya chini yake ilikuwa imekwaruzwa kama ubao wa kukatia vitunguu, hiyo ilikwisha. Akainua maua. Ile nyingine ilikuwa imelala kifudifudi, upande unaong'aa chini kwenye kitambaa, bila mkwaruzo, na duara la vumbi lilifuata umbo la chombo. Akamwuliza binti kama alikumbuka ipi ni ipi. Alikumbuka. Ya chini ya maua ndiyo ya kwanza kabisa, ile ya ubora wa juu, iliyokuwa ikikwama kila kitu kinaposogea.

Nukta akaichukua mkononi. Akamwuliza kama aliwahi kuicheza kwenye kompyuta badala ya deki. Binti akasema hapana. Tume ilitaka deki, kwa hiyo alijaribu kwenye deki.

"Mwanangu, hukuiharibu," Nukta alisema akiifuta diski kwa maji na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzunguka. "Ulimtilia deki mzee chakula kingi kuliko koo lake. Alipaliwa. Chakula chenyewe hakikuwa kibovu."

Akatoa kompyuta yake ndogo mkobani, akaiweka mezani, akaisukuma diski ndani.

Picha ikaenda. Ilikwenda laini, angavu kuliko vile ilivyokuwa kwa Tume. Marehemu alionyesha waya, uzi mmoja mmoja wa chuma uliochomoza kama manyoya ya kuku aliyechafuka. Sauti yake ikajaa sebuleni, na kutoka jikoni kikasikika kijiko kikianguka. Mama alikuja akasimama mlangoni.

"Bosi," marehemu alikuwa anasema, "nyuzi zimeshakatika nusu. Naomba tusimamishe lifti mpaka waya ubadilishwe."

Mtu mnene akageuka. Picha haikuganda. Uso wa msimamizi wa kiwanda ukajaa kwenye kioo, na jasho lake, na ndevu zake alizozichonga vizuri.

"Kazi yako ni kuhakikisha magunia yanapanda," alisema. "Waya ukikatika, tutaajiri mwingine. Na zima hiyo simu."

Ikazimika. Nukta alikuwa ameona maiti nyingi katika kazi yake na hakuwa mwepesi wa machozi, lakini alitambua kwamba amekunja ngumi chini ya meza mpaka kucha zinamuuma. Mama akasema bila kumlenga mtu, "Kumuua hakukuwatosha, mpaka wamfanye mwongo."

Kazi haikuwa imekwisha. Nukta aliirudisha picha mwanzo, akaangalia midomo tu. Mwanzoni sauti na midomo vilikwenda pamoja. Kadiri picha ilivyoendelea, sauti ilichelewa kidogo, kisha kidogo zaidi, na mwishoni ilikuwa imeachwa nyuma kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Hilo ndilo alilolitarajia. Simu ya kawaida haichukui picha kwa mwendo mmoja. Penye giza huzubaa, penye mwanga huharakisha, na ndani ya kile kiwanda kulikuwa na giza na mwanga vikipokezana. Programu ya binti ilidhani mwendo ni mmoja, ikazipanga picha kwa usawa, na sauti ikabaki na mwendo wake. Mtu anayepachika sauti ya uongo huacha mruko, mahali pamoja ambapo kila kitu kinaharibika kwa ghafla. Kosa linalokua taratibu kama ukucha ni kosa la mashine. Wakili alilichukua kosa la mashine akalivisha mtu.

Likabaki swali moja, na ndilo lililokuwa na sumu. Diski ya tatu ilicheza vizuri kwa jirani. Iliyokuwa mikononi mwa Tume ilikuwa na picha iliyoganda kabla haijachomwa. Je, ni diski moja?

Aliomba aonyeshwe ile pakiti. Zilikuwa zimebaki diski tupu mbili. Nukta alitoa kioo cha kukuzia, akatazama maandishi madogo kama mayai ya chawa yaliyozunguka tundu la katikati. Kila kiwanda cha diski huandika alama zake hapo, na diski za pakiti moja hufanana kama ndugu wa tumbo moja. Zile mbili tupu zilifanana, na ile ya maua ilifanana nazo. Diski ya Tume ilikuwa na herufi nyingine kabisa. Haikuwa ya ukoo huo.

Nukta alimpigia simu karani wa Tume akamwuliza kama diski iliwahi kutoka stoo. Karani akasema ilitoka mara moja, kwa ombi la kiwanda, kwenda kukaguliwa na mtaalamu wao wa picha. Ilirudi kesho yake. Alisema hayo kwa namna ya mtu anayetaja jambo la kawaida. Pengine kwake lilikuwa la kawaida kwamba ushahidi wa mjane ulale usiku mzima nyumbani kwa mshitakiwa.

Mtaalamu wa picha alikuwa na studio yake kwenye barabara ya maduka, yenye maharusi wengi wanaotabasamu ukutani. Jua lilikuwa bado halijazama Nukta alipoingia. Mwenyewe alikuwa kijana nadhifu mwenye manukato, akichoma diski za harusi kwenye mashine iliyokuwa ikizitema moja baada ya nyingine. Pembeni ya mashine ulisimama mnara wa diski tupu. Alimkaribisha afande kwa heshima zote.

Nukta alijifanya mtu asiyejua mbele wala nyuma. Alisema Tume imemtuma kwa sababu diski imeganda, na yeye mambo hayo hayajui. Mtaalamu alifurahi kuulizwa. Akaeleza kwa kirefu jinsi watu wa majumbani wanavyochoma kwa pupa, kwenye diski za ovyo, kwa programu za bure, kisha wakalaumu deki za watu. Kila alilolisema lilikuwa kweli, na Nukta aliitikia kwa kichwa. Akamwuliza alivyoikagua.

"Niliiangalia kwenye deki, afande. Mara mbili. Nikaandika nilichokiona, nikairudisha ilivyo."

"Hukuigusa kwa kompyuta?"

"Sikuwa na haja."

"Na ulipoiangalia, iliganda?"

"Palepale ilipoganda kwenu. Mtu anageuka, basi. Baada ya hapo hakuna kitu."

Nukta alishusha pumzi kama aliyechoka. Akasema kwa masikitiko kwamba mwenyekiti ni mkaidi, anataka ijaribiwe kila njia kuona kama kilichobaki kinaweza kuokolewa, na yeye anaogopa watakesha bure.

Mtaalamu akacheka. Kilikuwa kicheko cha puani, ndugu wa kile cha asubuhi. "Hata wakikiokoa, afande, watapata nini? Mtu kusema ataajiri mwingine si kosa kwa sheria yoyote."

Mashine ilitema diski ya harusi. Hakuna aliyeipokea.

"Nani kasema ataajiri mwingine?" Nukta aliuliza.

"Huyo. Msimamizi."

"Amesema wapi?"

"Kwenye picha."

"Umeniambia picha inakoma anapogeuka. Baada ya hapo hakuna kitu. Hayo maneno uliyasikia kwenye picha gani?"

Kijana akasema pengine aliyasikia kwa watu. Nukta akamwuliza watu gani, maana msimamizi mwenyewe ameapa mbele ya Tume kwamba mazungumzo hayo hayakuwahi kuwepo. Kisha akauendea mnara wa diski tupu, akachukua ya juu, akatoa kioo chake. Herufi zilizozunguka tundu zilikuwa zilezile za diski iliyokuwa kwenye bahasha ya Tume. Akaziweka mbili hizo mbele yake juu ya meza, kioo juu yake, akamwambia asome mwenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi. Kijana aliketi, na manukato yake yote yakawa hayamsaidii. Alieleza kwamba diski ya binti ilicheza bila tatizo, na kwamba wakili, aliyeileta kwa mkono wake, alikaa kwenye kiti hikihiki akaitazama hadi mwisho. Aliambiwa aitoe picha, aivuruge kuanzia pale mtu anapogeuka, aichome kwenye diski nyingine. Ile kasoro ya sauti aliambiwa aiache kama ilivyo, itafaa. Diski yenyewe aliikata kwa mkasi.

"Nilimwuliza watu wakishtuka je," alisema. "Akasema diski za kuchoma nyumbani huganda kila siku. Nani atauliza?"

Nukta alikuwa amesikia hila nyingi maishani mwake, nyingine zenye akili hata ukamvulia kofia mwenye nazo. Hii haikuwa na akili. Ilitegemea dharau tu: kwamba binti wa fundi lazima awe ameboronga, na hakuna mtu mzima atakayepoteza siku yake kumwuliza ameboronga nini. Na ilikaribia kufaulu. Yeye mwenyewe mchana ule alipanda kwenda kwa binti akiwa ameshamshuku. Hilo lilimuuma, akalitia kwenye hasira aliyokuwa nayo, akamwambia kijana achukue koti lake.

Asubuhi chumba cha Tume kilijaa. Habari ilikuwa imetangulia, na wapandishaji magunia wa kiwanda walikuja na nguo zao za kazi, unga ungali kwenye kope, wakasimama ukutani kwa kukosa viti. Wakili alipinga mapema: kanuni zinasema diski ichezwe kwenye deki, na hii mpya inayoletwa inajulikana kwamba deki haiiwezi. Nukta akajibu kwamba kanuni zilisema pia ushahidi usitoke stoo kwenda kulala kwa mtu, na kwamba wakili asiende mbali baada ya kikao kwa sababu kuna maelezo atahitajika kuyaandika kituoni, na aliyekata ile nyingine kwa mkasi ameshaandika yake. Wakili aliketi. Kifungo cha koti alikisahau wazi.

Kompyuta ikaunganishwa na televisheni. Nukta alieleza kwa maneno machache kwa nini deki ilishindwa na kwa nini sauti inachelewa, kisha akaacha picha iseme. Mtu mnene aligeuka, uso ukatokea, na maneno yakatoka. Msimamizi, aliyekuwa ameketi kiti cha mbele, aliinua macho akatazama dari hadi ilipokwisha. Huko ukutani mtu mmoja alirudia kwa sauti ya chini, "Tutaajiri mwingine," kama anayejaribu kuona maneno hayo yana uzito gani mdomoni.

Mwenyekiti alikohoa. Alisema Tume imeona na kusikia, na kwamba jambo hilo litazingatiwa ipasavyo katika ripoti ya mwisho. Akamgeukia karani ili kikao kiahirishwe.

Mjane alisimama. Hakuomba nafasi.

"Mheshimiwa," alisema, "jana mume wangu alichekwa humu ndani, na mwanangu akachekwa. Hawakuchekwa kwenye ripoti. Nami nataka kweli isemwe humu humu."

Karani alimwomba aketi. Ana uchungu, alisema, na wote wanauelewa. Hakuketi. Binti akasimama ubavuni mwake. Nukta, ambaye kwa cheo chake hakupaswa kuwa na upande, alikuwa ameketi karibu na kompyuta, naye akainuka. Walioegemea ukuta waliacha kuuegemea. Mwenyekiti alivua miwani, akatazama karatasi zake, akamtazama wakili, na popote alipotazama hakuona wa kumsaidia. Mwisho naye akasimama.

"Marehemu alitoa taarifa," alisema. "Kifo chake si cha uzembe wake. Wala mtoto wake hakusema uongo."

"Sauti, mheshimiwa," mjane alisema. "Huku nyuma hawajasikia."

Mwenyekiti akarudia, kwa sauti.